Kwa Nini Watu wa Kiminini Walipandia Basi Bungoma

Kwa miaka mingi nililipwa kuwauliza watu wametoka wapi na wanaenda wapi, maswali ambayo majirani na askari wa barabarani huuliza bure. Sasa nimestaafu. Wiki za kwanza nyumbani hapa Kitale nilijikuta nikimuuliza kila mgeni amekuja kwa gari gani na amengoja stendi kwa muda gani, mpaka mke wangu akaniambia niwaache watu wanywe chai.

Vijana wa ofisi ndio walioniomba niandike haya, ili wajue kazi ilifanywaje kabla yao. Vyeo na mishahara nitaviruka. Waliovigawa wanajua walivyovigawa. Nitaandika kuhusu kazi yenyewe, na kuhusu fomu nne za Kiminini. Wengi wenu mnazijua. Nimezitumia kwenye mafunzo kila mwaka kama mfano wa fomu zilizopikwa, yaani zilizojazwa na mdodosaji akiwa amekaa mahali anakunywa soda. Zilimwondoa kazini dada mmoja aitwaye Nekesa. Someni mpaka mwisho kabla ya kuzitumia tena.

Kazi yetu ilikuwa utafiti wa safari ndefu. Tulitaka kujua watu wa Bungoma na Trans-Nzoia wanasafiri mbali kwa sababu gani, wanachagua chombo gani, wanapitia wapi, na kwa nini hawakuchagua njia nyingine. Waliotutuma walikaa Nairobi na walikuwa na imani moja kubwa: kwamba msafiri ni mtu anayepima nauli na muda, kisha akachagua kilicho nafuu. Ni imani nzuri. Nimekutana na wasafiri wa namna hiyo, ila si wengi.

Siku yangu ya kwanza ilikuwa stendi ya Bungoma. Nilipewa ubao wa kuandikia, fomu, na fulana iliyonifanya nifanane na mtu wa kampeni. Nilisimama mlangoni mwa magari nikawauliza waliokuwa wakipanda. Mzee mmoja mwenye magunia mawili na godoro aliniambia anaenda hapa tu mbele. Mama mwenye watoto watatu na kuku alikuwa anaenda hapa tu, Webuye. Hadi saa sita mchana nilikuwa nimejaza fomu za kutosha kuonyesha kwamba nchi nzima inaishia Webuye.

Mkubwa wangu alikuwa Mzee Barasa wa Kibabii. Zamani alikuwa karani wa kupima mahindi kwenye ghala, na bado alimtazama kila mtu kama gunia ambalo huenda limetiwa mawe. Penseli ilikaa nyuma ya sikio lake hata akiwa kanisani. Alipenda mchezo wa drafti na alikuwa akiiba kete mchana kweupe. Alizipitia fomu zangu moja baada ya nyingine, akanirudishia.

"Wafula," akasema, "kwani Webuye kuna nini leo?"

Nikamwambia ndivyo walivyosema.

"Sasa wewe kwenu ukitoka, unaambia mtu usiyemjua ati unaenda Nairobi? Ndiyo akufanye nini? Safari haitangazwi kabla mtu hajafika. Wewe unajua hiyo."

Nilijua. Mama yangu alikuwa akifungasha nguo za safari akiwaambia majirani anatafuta sweta. Lakini nilikuwa nimevaa fulana ya utafiti, na kwa namna fulani nilidhani fulana inafuta mambo ya nyumbani.

"Uliza anayeshuka," Barasa akasema. "Huyo safari yake imeisha. Hakuna wa kumharibia."

Tukahamia upande wa pili wa stendi, wanaposhukia watu, na alasiri hiyohiyo nchi ikarefuka. Watu wakawa wametoka Mombasa, Kisumu, Lodwar, Kampala. Walieleza bila kusukumwa, wengine mpaka jina la dereva. Tangu siku hiyo sijawahi kumuuliza mtu anayepanda.

Barasa hakuwa na vitabu vya mbinu za utafiti. Alikuwa na kigoda cha miguu mitatu, alichobeba kwapani toka boma hadi boma. Akifika alikaa chini ya kimo cha mwenyeji wake, hata kama mwenyeji ana miaka kumi na minane. Mtu akiulizwa kutoka juu, alisema, hujibu kama yuko kwa chifu. Alituandikisha kwa penseli, kamwe si kwa kalamu ya wino, kwa sababu mtu ana haki ya kubadili jibu lake mkiwa bado mnaongea. Wino ulikuwa wa msimamizi peke yake, wa kutia alama fomu ikishahakikiwa.

Swali la "kwa nini" alitaka liulizwe mwisho, na polepole. Kulikuwa na jibu moja ambalo sisi vijana tulilipenda kwa kuwa ni fupi: "Napenda tu." Kwa nini unapanda basi hili na si lile? Napenda tu. Kwa nini unapitia Chwele? Napenda tu. Barasa alituambia hilo si jibu, ni mlango uliofungwa. "Kaa hapo kidogo uone kama utafunguliwa. Usipofunguliwa, andika vile umeambiwa. Usivunje."

Na kulikuwa na kanuni yake ya mwisho, aliyoirudia mpaka tukachoka nayo. Fomu haihukumiwi mezani. Ukiishuku, nenda. Msimamizi alitakiwa kurudi mwenyewe kwenye baadhi ya nyumba, amwone aliyejibu, amuulize tena maswali mawili matatu, kisha atie alama ya wino kwenye safu ya "imehakikiwa". Barasa alikwenda hata kwenye nyumba ambazo mdodosaji mwenyewe alikiri alizifikia akiogelea.

Kabla ya kututuma kwa watu, alitujazisha fomu zetu wenyewe. Kwa wiki mbili kila mmoja aliandika shajara ya safari zake zote na sababu zake. Usimuulize mtu swali ambalo hujajijibu, alisema. Yangu aliisoma mpaka mahali nilipoandika kwamba Ijumaa moja nikielekea Kitale nilishuka Misikhu katikati ya safari, nikangoja gari lingine kwa saa nzima huku mvua ikininyeshea. Kwenye sababu nilikuwa nimeandika "napenda tu". Alinitazama, akatabasamu, akanirudishia. Mimi nikaisahau.

Sitawachosha na kesi zote ngumu. Kulikuwa na mfanyabiashara mmoja wa Suam aliyeapa hajasafiri mwaka mzima, na huku kila wiki alivuka Uganda na kulala huko siku mbili. Alilala kwa dada yake, na kwa dada si safari. Kulikuwa na basi lililotoka Nairobi likileta maiti Kanduyi, na mimi nikiwa na orodha ya madhumuni: kazi, masomo, matibabu, kutembelea, mengineyo. Nilimuuliza Barasa waombolezaji niwaweke wapi.

"Weka kutembelea."

"Na marehemu?"

Akafikiri. "Huyo alikuwa anarudi nyumbani. Hatuna hiyo kwa fomu."

Sasa nifike kwenye upishi. Nilipokuwa msimamizi nilijivunia pua yangu. Fomu iliyojazwa kweli shambani ina makunyanzi, ina tone la chai, ina mstari uliopinda pale mbwa alipobweka. Iliyopikwa ni safi. Mwandiko umenyooka, na majibu yanafanana kama mapacha, kwa sababu mpishi huchoka kubuni. Nilikamata kadhaa na wote walikiri. Hilo ndilo lililoniharibu, kwa sababu mtu akipatia mara tano hudhani ameota jicho la tatu.

Nekesa alikuwa binti ya Mzee Barasa. Alijiunga na kikosi chetu baada ya chuo, na baba yake hakumpendelea kwa lolote. Kanuni ilikuwa kwamba mzee asiguse fomu za mtoto wake, kwa hiyo zilikuja kwangu. Alichompa ni kigoda chake mwenyewe, kidogo kuliko cha baba, kilichochongwa na fundi wa Kibabii. Wawili hao walikwenda kazini asubuhi kila mmoja na kigoda kwapani, na watu wa Kanduyi waliwacheka. Mzee hakujali. Sijamwona mtu akijivunia mtoto wake kwa siri kiasi kile na kila mtu akajua.

Fomu zake nne zilitoka boma moja la Kiminini, la ndugu wanne. Kwa asiyejua, Kiminini iko karibu kabisa na Kitale. Mtu wa pale akitaka kwenda Nairobi hupanda gari dogo hadi stendi ya Kitale, akakata tiketi, akakaa basini. Ndugu hawa wanne walikwenda Nairobi mara kwa mara, mmoja kwa biashara ya viazi na wengine kwa kazi za ujenzi. Kwa mujibu wa fomu, wote wanne waliipa Kitale kisogo, wakashuka hadi Webuye, wakaendelea hadi Bungoma, wakapanda basi la Nairobi huko, na basi hilo likawarudisha Webuye kabla ya kushika njia ya Eldoret. Nauli zaidi, muda zaidi, vumbi zaidi. Kwenye sababu, wote wanne: napenda tu. Na mwandiko ulikuwa mdogo, umesimama wima, safi kama wa cheti cha ubatizo.

Nilimwita ofisini Bungoma.

"Hawa watu uliwaona?"

"Niliwaona. Nilikaa kwao toka asubuhi."

"Wote wanne wanazunguka Bungoma na Kitale iko hapo?"

"Hata mimi nilishangaa. Nikawauliza tena. Mkubwa wao akaangalia chini, akasema anapenda tu. Wengine wakasema vile amesema."

"Na wewe ukaandika."

"Si Baba alisema tusivunje mlango?"

Nikamwambia nitakwenda kuhakikisha mwenyewe. Na asubuhi iliyofuata nilitoka kweli, kwa pikipiki ya ofisi. Mvua ilinikuta baada ya Misikhu. Nilipofika Kamukuywa nilikuwa nimelowa hadi kwenye soksi, nikaingia hotelini nikaagiza chai na chapati. Nikiwa hapo simu ikalia: Nairobi walitaka muhtasari wa mkoa wote kabla ya jioni. Kiminini haikuwa mbali. Niliitazama barabara, nikaitazama chai. Nikajiambia kwamba pua yangu haijawahi kunidanganya, na kwamba nikienda nitaambiwa tu kwamba boma kama hilo halipo. Nikamaliza chapati, nikageuza pikipiki.

Mchana huo nilitia alama ya wino kwenye safu ya "imehakikiwa", na pembeni nikaandika: si kweli. Fomu nne zikatolewa kwenye hesabu. Jina la Nekesa likaingia kwenye orodha ya wapishi, ambayo tulipeana na vikosi vingine vyote, na aliyeingia humo hakupata tena kazi ya utafiti Bungoma wala Kitale.

Jioni Mzee Barasa alikuja mezani kwangu. Hakuketi, na hakuniuliza fomu zilisemaje. Aliuliza neno moja.

"Ulienda?"

"Nilienda," nikasema.

Kisha akanishika mkono mbele ya wadodosaji wote waliokuwa wakirudisha fulana zao, akasema, "Huyu ameenda hata kwa mtoto wangu. Kazi ni hivyo." Akamgeukia Nekesa, aliyekuwa amesimama karibu na dirisha. "Acha kigoda."

Nekesa hakujitetea. Alinitazama mimi, si baba yake. Alikiweka kigoda chini, taratibu, miguu yote mitatu sawasawa, akatoka.

Niliona aibu, nakiri, lakini ilikuwa aibu ya kawaida, ya kuifunika kwa kazi. Ukweli ni kwamba niliamini fomu zile zimepikwa. Nilidanganya juu ya safari tu, si juu ya fomu. Hivyo ndivyo nilivyojituliza. Wasemao njia ya mwongo ni fupi hawakuniona mimi, maana yangu ilidumu mpaka mvi. Kila mwisho wa mwezi nilipita Kiminini nikirudi nyumbani, na kila mara nilitazama upande wa pili wa barabara.

Barasa alistaafu muda si mrefu baada ya hapo. Penseli zikafuata, zikaja tableti. Tableti inajua mdodosaji alisimama wapi na kwa dakika ngapi, na kwa chombo hicho Nekesa angeokoka kabla ya chakula cha mchana. Haijui kama alikuwa akisikiliza. Hilo nawaambia ninyi mnaodhani tatizo limekwisha. Mnapokuta leo majibu yanayofanana, programu huyapaka rangi nyekundu, na mnayafuta mkiwa mmeketi kama nilivyoketi.

Mwaka wangu wa mwisho tulikuwa tukiwahesabu wasafiri wanaotumia mabasi ya mbali stendi ya Kitale. Mlangoni kabisa palikuwa na meza ya mama mmoja mnene, mcheshi, ambaye sote tulimwita Mama Tiketi. Alikatia tiketi karibu mabasi yote ya Nairobi, na hakuna aliyeingia stendi bila kupita mbele ya meza yake. Alikuwa hapo tangu nilipoanza kazi. Siku hiyo aliniambia anaacha mwisho wa mwezi, miguu imekataa.

"Hata wewe unaenda nyumbani?" nikamwambia. "Stendi itabaki na nani?"

"Wakwe zangu watafurahi," akasema, akicheka mpaka meza ikatikisika. "Sasa wataanza kupandia Kitale kama watu."

Nikauliza wakwe gani.

"Si nina wasichana wawili wameolewa hapo Kiminini, kwa boma moja, kwa ndugu wawili? Tangu wawaoe hao wasichana, hakuna mwanaume wa hiyo boma amekanyaga hii stendi. Ati watapitaje mbele ya mama mkwe na bag kwa bega? Mimi nikiwauzia tiketi tushikane mkono? Wanazunguka Bungoma huko mabasi yanaanzia, kwa sababu Webuye yanapita yamejaa. Wanafikiri sijui."

Niliuliza ndugu hao ni wangapi. Nilikuwa nalijua jibu.

"Wanne. Wawili ndio wakwe wangu kabisa, lakini mmoja akiwa mkwe, ndugu zake wote ni wakwe. Wewe si ni mtu wetu, unajua hiyo."

Nilijua. Hilo ndilo linaloniuma kuliko mvua ya Kamukuywa. Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawapeani mkono, hawali pamoja, hawaketi gari moja. Wala hilo halisemwi kwa msichana mgeni aliyekuja na fomu. Mtu huangalia chini na kusema anapenda tu. Mimi nimekulia humo. Nilitoka stendi nikaenda moja kwa moja kwenye ghala letu la makaratasi, nikatafuta mpaka nikazipata zile fomu nne, na ndani ya sanduku hilohilo nikakuta shajara yangu ya mafunzo. Ijumaa, Misikhu. Nilishuka, nikangoja saa nzima kwenye mvua. Napenda tu. Ijumaa ile gari liliposimama Misikhu mama yake mke wangu alikuwa anapanda, na mimi nikateremka kwa mlango wa nyuma kabla hajainua uso.

Nililia pale ghalani. Nasema hivyo kwa sababu ilitokea.

Nekesa nilimpata Kanduyi, karibu na uwanja, ambako ana duka la kushona sare za shule. Ana cherehani tatu na wasichana wawili anaowafunza. Nilikuwa nimetoka Kitale asubuhi na nikafika karibu saa tisa. Hakuniambia karibu wala toka. Alimaliza mshono aliokuwa nao, akakata uzi, kisha akaniuliza kwa sauti ileile ya wadodosaji, maswali kwa mpangilio wake, ambayo hakuwa amesahau hata moja.

"Umetoka wapi?"

"Kitale."

"Ulitumia chombo gani?"

"Gari la abiria hadi Kamukuywa. Halafu la Kimilili, halafu la Chwele."

"Kuna njia fupi ya Webuye?"

"Iko."

"Kwa nini hukuichagua?"

Wasichana wa cherehani walikuwa wamesimamisha miguu. Nilifungua mdomo na jibu lililokuja lilikuwa lile la siku zote. Nililimeza.

"Niliogopa kufika," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu ambaye amepata jibu la kuandika. Nikamweleza yote: Mama Tiketi, ndugu wanne, Kamukuywa, chai. Nikamwonyesha barua niliyoiandikia ofisi ya kumfuta kwenye orodha, na nakala iliyokwenda kwa vikosi vingine. Aliisoma akaikunja.

"Barua ni sawa," akasema. "Lakini mimi nilikuwa najua sikupika. Si mimi nilihitaji kuambiwa."

"Naelewa."

"Huelewi, mzee. Mimi hupeleka chakula kwa Baba kila Jumapili. Tunaongea mahindi, tunaongea kanisa, tunaongea watoto. Kazi hataji. Nikianza anageuza. Ameniheshimu hivyo miaka yote, ndiyo asiniaibishe. Unajua kuheshimiwa hivyo kunakaaje?" Akavaa sweta. "Twende Kibabii. Leo. Ukienda Kitale kwanza hutarudi."

Alikuwa ananijua vizuri. Tulikwenda kwa pikipiki moja, mimi katikati nikiwa na sanduku la fomu nililotoka nalo Kitale mapajani, na Nekesa nyuma yangu na sufuria ya chakula alichonunua hotelini njiani.

Mzee Barasa sasa anatembea kwa shida. Alikuwa ameketi sebuleni, dirishani, drafti mbele yake, akicheza peke yake na bila shaka akijiibia. Penseli ilikuwa nyuma ya sikio. Alifurahi kuniona, na furaha hiyo ilinizidishia uzito. Aliniita karibu, akaniuliza habari za mama watoto na za kustaafu, akataka niketi kwenye kochi.

Kwenye kona, chini ya kabati, palikuwa na vile vigoda viwili. Nikavuta kimoja nikaketi chini ya kimo chake.

"Mzee," nikasema, "uliniuliza swali siku ile ya fomu za Kiminini. Nataka kubadili jibu."

Hakuniuliza siku gani.

"Sikuenda."

Akaiondoa mikono yake juu ya drafti. 

"Ulifika wapi?"

"Kamukuywa."

"Kamukuywa ulifanya nini?"

"Nilikunywa chai. Nikarudi."

Nikamweleza yaliyobaki. Nilipofika kwa Mama Tiketi na wakwe zake alifumba macho, na nikajua ameelewa kabla sijamaliza. Yeye angeelewa siku ileile kama angeziona fomu, na kama ningemwambia sikufika angemtuma mwingine aende. Nikazitoa, nikaziweka juu ya drafti. Alizisoma moja moja, karatasi ikiwa karibu na uso, akipitisha kidole kwenye kila jibu. Hakunitazama tena.

"Mama," akamwambia Nekesa, aliyekuwa bado amesimama mlangoni na sufuria ya chakula ambayo hakuwa amepanga kuileta siku hiyo, "njoo ukae."

Nekesa akakivuta kigoda kile kidogo, akaketi.

"Mimi niliuliza yeye," mzee akasema. "Nikakosa kuuliza wewe. Nisamehe, mama yangu."

Nekesa akasema, "Nimesamehe, Baba," lakini ilimchukua muda.

Mzee alikuwa amefika kwenye alama yangu. Alitia mate kidole, akasugua, kama kwamba ingetoka. Wino wa msimamizi haufutiki. Yeye ndiye aliyeweka kanuni hiyo. Basi akaitoa penseli nyuma ya sikio, akampa binti yake pamoja na fomu ya kwanza.

"Sahihisha."

Nekesa akaegemeza karatasi gotini. Nilikuwa nimeketi karibu naye na niliona kila herufi ikiandikwa, ule mwandiko mdogo, uliosimama wima, niliousema ni safi mno kwa fomu ya shambani. Aliandika kando ya alama yangu, kwenye zote nne, neno moja: *Hakuenda.*